Lugha ya Studio: Fuata Sauti Kutoka Maiki Hadi Faili

Siku ya kwanza kukaa mbele ya kompyuta ya studio, fundi aliniambia nishushe feda, nifungue sendi, kisha nipeleke zote kwenye basi. Nikadhani tuko stendi tunahesabu nauli. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba karibu kila neno la studio ni jina la kituo katika safari ya sauti. Ukijua sauti imefika wapi, neno linajileta lenyewe.

Kwa sababu hiyo sitafuata alfabeti. Tutatengeneza wimbo mmoja wa dakika nne, chumbani, kwa kompyuta ya kawaida, maiki moja na saundi kadi ndogo, na kila neno tutakutana nalo pale linapofanya kazi. Fungua programu yako huku ukisoma. Maneno haya yakisomwa bila mikono kugusa kitu, hadi jioni yameshapotea.

Hatua ya 1: Fungua mradi na uamue mambo matatu

Programu ya kutengenezea muziki huitwa kwa herufi tatu, DAW. FL Studio utaikuta katika studio nyingi za mitaani. Ilizaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Cubase ilitoka Ujerumani, Logic ni ya Apple, na zipo Pro Tools, Reaper, Ableton Live na nyingine. Audacity ni ya bure na inafaa sana kwa kurekodi na kukata sauti, ila kujengea mdundo humo ni kujitesa. Vitufe vinatofautiana, lakini lugha ni moja.

Ukibonyeza kuanza upya, unachofungua ni mradi. Hapa wengi huteleza mapema: faili la mradi halina sauti ndani yake, au lina kidogo mno. Ni karatasi ya maelekezo tu: chukua sauti fulani kutoka folda fulani, ianze sekunde ya kumi, ipunguze kidogo. Niliwahi kumtumia rafiki faili la mradi peke yake, dogo kabisa, nikajisifu kwamba bando halijaisha. Alipofungua alikuta traki zimejipanga vizuri na zote tupu. Sauti zilibaki kwangu. Tangu hapo kila wimbo una folda yake, na ninayemtumia ninamtumia folda nzima.

Sasa amua tempo, yaani kasi ya wimbo, inayohesabiwa kwa mapigo ya kila dakika na kuandikwa BPM. Amapiano hukaa karibu na 112. Singeli ya Dar es Salaam hupita 200 bila kuomba radhi. Sisi tuweke 100. Mapigo manne yakikamilika tunasema baa moja imepita (baa hii haiuzi bia), na kwa 100 BPM baa moja huchukua sekunde 2.4. Mlio wa tik-tik unaokuongoza ni metronomu, ambayo mafundi huiita kliki. Iwashe kabla hujarekodi chochote. Wimbo uliorekodiwa bila kliki unaweza kuwa mtamu, ila siku ukitaka kukata kiitikio na kukibandika kwingine utalia.

Jambo la pili ni kasi ya sampuli. Kompyuta haisikii wimbi la sauti, inalipima. Ukichagua 44,100, maana yake wimbi linapimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Namba hii ndiyo iliyotumika kwenye CD, na si ya kubahatisha: sikio la binadamu huishia karibu na hezi 20,000 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde), na ili kuinasa sauti ya hezi fulani ni lazima kuipima zaidi ya mara mbili ya hizo. Kazi za video hutumia 48,000. Chagua mojawapo na usiibadilishe katikati ya kazi, maana ukichanganya ovyo sauti huweza kucheza haraka au pole kuliko ilivyoimbwa.

Jambo la tatu ni kina cha biti. Neno biti hapa halihusiani na ile biti, yaani mdundo, unayoinunua kwa prodyuza. Ni wingi wa tarakimu zinazotumika kuandika kila kipimo. CD ina biti 16, inayotoa nafasi ya desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 96 hivi kati ya mnong'ono wa chini kabisa na kelele ya juu kabisa. Biti 24 hufika desibeli 144. Rekodi kwa 24. Gharama yake ni nafasi tu: traki moja ya mono (sauti ya njia moja), kwa 48,000 na biti 24, hula megabaiti 8.6 hivi kwa dakika, kwa hiyo sauti yetu ya dakika nne itakula kama 35.

Hatua ya 2: Jenga mdundo

Ongeza traki. Neno hili lilikuwepo kabla kompyuta haijaingia studio: traki ilikuwa mstari mmoja wa sauti juu ya utepe wa sumaku. Utepe ukiwa na traki moja au mbili, bendi nzima ilipiga pamoja, na mpiga tarumbeta akikosea mnaanza upya wote. Leo kila chombo kina traki yake na kosa ni la mwenyewe.

Katika programu kuna traki za aina mbili, na tofauti yake ndiyo ninayorudia kuieleza kuliko zote. Traki ya odio hubeba sauti yenyewe. Traki ya MIDI haina sauti hata tone. Ina amri: gonga noti hii, kwa nguvu hii, iachie sasa. Ni kama noti za kwaya kwenye karatasi. Ukiiweka karatasi mbele ya kinanda unapata kinanda, ukiiweka mbele ya zeze unapata zeze. MIDI ilianza kutumika mwaka 1983, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland ya Japani wakiwa mbele katika kuisukuma, ili vinanda vya kampuni tofauti viweze kuelewana. Mpaka leo noti zake zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 127.

Dirisha lenye vitufe vya kinanda ubavuni na vijiti vinavyolala kulia ni piano roli. Kila kijiti ni noti. Urefu wake ni muda wa kuishika. Chini utaona nguzo ndogo ndogo: hizo ni velositi, yaani nguvu ya kugonga, nayo ni 1 hadi 127. Biti nyingi za wanaoanza zinasikika kama saa ya ukutani kwa sababu velositi zote ziko sawa. Mpiga ngoma halisi hagongi mara nane kwa nguvu ile ile. Shusha moja, pandisha nyingine, usikilize.

Ukibonyeza kwantaizi, noti zilizochelewa au kuwahi huvutwa zikae sawasawa juu ya mistari ya gridi. Ni dawa nzuri, na kama dawa zote ina kipimo. Programu nyingi hukuruhusu kuvuta kwa asilimia. Mimi huishia 70 au 80 kwa ngoma za mkono, na kiki (ile ngoma nzito ya chini) peke yake ndiyo naibana hadi 100. Swingi hufanya kinyume: huchelewesha makusudi baadhi ya noti ili mdundo uyumbe.

Sampuli, mbali na kile kipimo cha hatua ya kwanza, ni pia kipande cha sauti kilichorekodiwa: mlio mmoja wa kiki, kofi la mkono, sekunde mbili za gitaa. Kipande kinachoweza kujirudia bila mshono kusikika ni lupu. Ukichukua sampuli kutoka wimbo wa mtu, hata sekunde moja, omba kwanza ruhusa ya mwenye haki.

Chombo au dawa ya sauti unayoongeza ndani ya programu ni plagini. Utaona herufi VST kwenye nyingi. Ni mfumo wa kampuni ya Steinberg, ya mwaka 1996. Mac hutumia pia AU, na Pro Tools hutumia AAX. Kabla ya kupakua plagini hakikisha ni ya aina inayokubaliwa na programu yako. Mipangilio iliyoandaliwa tayari ndani ya plagini ni priseti. Hakuna aibu kuitumia.

Hatua ya 3: Unganisha maiki, kisha pambana na kuchelewa

Saundi kadi ni kile kiboksi cha nje kinachogeuza umeme wa maiki kuwa namba, na namba kuwa umeme wa spika. Waya mnene wenye pini tatu ni XLR. Maiki ya kondensa inahitaji umeme, ndiyo maana ya kitufe cha 48V, kinachoitwa fantomu pawa. Maiki ya dainamiki, zile ngumu za jukwaani, haihitaji. Kondensa husikia kila kitu: pumzi, feni, bajaji, jogoo wa jirani na adhana. Kama chumba chako kiko barabarani na hakina godoro wala mapazia mazito, dainamiki ya bei nafuu itakupa kazi safi kuliko kondensa ya gharama.

Vaa hedifoni, ongea kwenye maiki. Unajisikia mara mbili, kama unaongea kwenye simu mbovu? Hiyo ni latensi. Sauti inaingia kwenye kompyuta, inashughulikiwa, inarudi masikioni, na imechelewa njiani.

Kinachoamua kuchelewa huko ni bafa. Fikiria konda wa daladala asiyeondoka mpaka viti vijae. Bafa ni idadi ya viti. Kwa kasi ya 48,000, bafa ya 1,024 hujaa kwa milisekunde 21 hivi. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 42. Sauti hewani husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama unajisikiliza ukiwa umesimama mita 14 kutoka kinywani mwako. Hakuna anayeweza kuimba hivyo. Ukishusha hadi 128, kila safari ni milisekunde 2.7 tu.

Mbona basi tusiweke bafa ndogo siku zote? Kwa sababu gari lenye viti vichache linalazimika kufanya safari nyingi. Kompyuta inachoka, sauti inaanza kutoa milio ya pwa-pwa na kukatika. Kanuni ni moja: unaporekodi shusha bafa, unapofanya mikisi ipandishe. Kwenye Windows tumia draiva (programu ndogo inayoiunganisha kompyuta na kifaa) ya ASIO ya saundi kadi yako. Ile ya kawaida ya kompyuta huongeza kuchelewa kwake yenyewe. Saundi kadi nyingi zina pia kitufe cha monita ya moja kwa moja, kinachokupelekea sauti ya maiki masikioni kabla haijapita kwenye kompyuta. Na hedifoni za bluetooth ziweke kando. Nzuri kwa safari ya Morogoro, balaa kwenye kurekodi.

Hatua ya 4: Weka geini, ndipo urekodi

Kama utasahau yote, hili libaki. Geini na feda ni vitu viwili.

Geini ni kile kitasa cha kwenye saundi kadi. Ndicho kinachoamua sauti inaingia ikiwa na nguvu kiasi gani. Feda ni kile cha kusukuma juu na chini ndani ya programu, na kinaamua unachosikia baada ya sauti kuwa imeshaingia na kuandikwa. Geini ni bomba linalojaza ndoo. Feda ni kata unayochotea. Ndoo ikishafurika na maji kumwagika sakafuni, kata haitayarudisha.

Kufurika huko kunaitwa kuklipu. Katika kompyuta sifuri ni dari, si sakafu: mita husoma namba hasi, na sauti ikigonga sifuri vilele vyake hukatwa bapa. Unasikia mkwaruzo, sauti imepasuka. Ukishusha feda unapata mkwaruzo ule ule, mdogo zaidi.

Mwambie mwimbaji aimbe ile sehemu anayopiga kelele kuliko zote, si ubeti wa kwanza anaoimba akiwa na haya. Panga geini mpaka vilele vifike kati ya desibeli −12 na −10. Utaona mstari ni mwembamba kwenye skrini na utashawishika kuongeza. Usiongeze. Kwa biti 24 nafasi ipo tele, na watu wakipata mzuka huimba kwa nguvu kuliko walivyofanya kwenye majaribio. Ile nafasi iliyobaki juu inaitwa hedirumu.

Bonyeza kitufe chekundu. Kila safari ya kuimba ni teki. Rekodi teki tatu au nne za wimbo mzima, kisha chagua mstari bora wa kila moja na uziunge ziwe moja. Kazi hiyo ni kukompi. Ukirudia neno moja tu lililoharibika, unafanya panchi.

Noti zilizopinda kidogo hunyooshwa na plagini ya kurekebisha sauti. Maarufu kuliko zote ni Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997. Aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi wa kuchambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta. Kabla ya kuiwasha ni lazima uiambie ufunguo wa wimbo, yaani kundi la noti ambalo wimbo unalitumia. Ukiweka ufunguo usio wake itavuta noti nzuri kuzipeleka kwenye noti mbaya, halafu mwimbaji atalaumiwa.

Hatua ya 5: Mikisi

Anza kwa feda zote chini. Pandisha kiki, kisha besi, kisha sauti ya mwimbaji, kisha vingine. Pani huamua chombo kikae kushoto, katikati au kulia. Kiki, besi na mwimbaji wakae katikati. Manyanga na gitaa la pili yasogee pembeni.

Ikwalaiza hupandisha au kupunguza sehemu ya sauti kwa kufuata hezi zake. Kwenye sauti ya mwimbaji kata kila kilicho chini ya hezi 80 hivi: humo kuna mitetemo ya sakafu na ngurumo ya umeme wetu wa hezi 50, hakuna wimbo. Sauti ikiwa kama inatoka ndani ya pipa, punguza kidogo kati ya 200 na 400. Maneno yasiposikika vizuri, ongeza kidogo kwenye 3,000. Kidogo ni desibeli mbili au tatu. Nikimwona mtu kaongeza 12, huwa namuuliza kama maiki ilikuwa imefunikwa na blanketi.

Kompresa ndiyo plagini inayotumiwa sana bila kueleweka. Kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya neno lililopigiwa kelele na lililonong'onwa. Ina kizingiti, na kizingiti hapa ni kile kile cha mlangoni: asiyekivuka haguswi. Tuseme umekiweka −20, na uwiano ni 4 kwa 1. Mwimbaji akapiga neno la −8. Amevuka kwa desibeli 12. Kompresa inagawa 12 kwa 4, inabaki 3. Neno linatoka likiwa −17. Neno la −25 linapita kama lilivyo. Ataki ni haraka kiasi gani kompresa inakamata, rilizi ni haraka kiasi gani inaachia. Ataki ikiwa ya haraka mno, ngoma hupoteza ule mlio mkali wa mwanzo na kubaki laini kama ugali wa jana uliorudishwa jikoni. Kisha unaongeza nguvu ya jumla kufidia iliyopungua.

Riverbu ni mwangwi wa chumba, kama kuimba ndani ya kanisa kubwa au bafuni. Dilei ni mwangwi unaojirudia kwa vipindi. Ili dilei iendane na mdundo, gawa 60,000 kwa BPM: kwa wimbo wetu wa 100 unapata milisekunde 600 kwa pigo moja, na 300 kwa nusu pigo.

Sasa turudi stendi. Badala ya kuweka riverbu kumi kwenye traki kumi na kuua kompyuta, unaweka moja kwenye chaneli yake, na kila traki inaipelekea kiasi fulani cha sauti. Njia hiyo ya kupeleka ni sendi. Basi nalo ni chaneli inayobeba traki nyingi pamoja: ngoma zote nane zinapanda basi moja, na feda moja inazipandisha au kuzishusha zote. Sauti isiyo na dawa yoyote tunaiita kavu.

Otomesheni ni kurekodi mwendo wa feda au kitasa: kiitikio kikifika, gitaa linajishusha lenyewe. Kisha sikiliza mikisi kwenye spika ya simu, iliyo ndogo na isiyo na besi. Besi ikitoweka kabisa, iongezee uchafu kidogo wa sauti za juu ili isikike hata pale.

Hatua ya 6: Mastaringi na kutoa faili

Mikisi inahusu uhusiano wa traki. Mastaringi inashughulikia wimbo mzima ukiwa umeshakuwa kitu kimoja. Plagini ya mwisho kabisa huwa limita, kompresa yenye ukuta: hakuna kinachopita juu yake. Iweke −1. Ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyouhisi hupimwa kwa LUFS. Spotify husawazisha nyimbo kwenye −14, kwa hiyo anayeubana wimbo wake mpaka −6 ili uwapite wenzake atashushwa, na atabaki na wimbo uliobanwa bila faida. Sisemi kila wimbo uwe −14 kamili. Nasema usiue ngoma zako kwa ajili ya shindano la kupaza sauti lililokwisha.

Kutoa wimbo kwenye programu ni kuekspoti, wengine husema kurenda. WAV ni sauti kamili: dakika nne za stirio (kushoto na kulia), kwa 44,100 na biti 16, ni megabaiti 42 hivi. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hutupa sehemu za sauti na kubaki na megabaiti 9.6. WAV ndiyo ya kumpelekea msambazaji na ya kuhifadhi. MP3 usiigeuze kuwa WAV ukidhani imepona, kilichotupwa hakirudi.

Kama ulinunua biti, ulipewa nini? Faili moja la MP3 lenye kila kitu ndani halimpi fundi wa mikisi nafasi: kiki ikizidi, kuishusha ni kushusha na vingine. Omba stemu, yaani mafaili tofauti ya ngoma, besi, vinanda na kadhalika, yote yakianzia sekunde ya sifuri ili yajipange yenyewe. Kubaliana nalo kabla pesa haijatoka mkononi.

Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, ambatisha kama hati, ili faili lifike kama lilivyotoka. Na kwenye jina la faili andika jina la wimbo, BPM na ufunguo. Anayepokea faili linaloitwa "mwisho_mwisho_kabisa_3" itabidi akae ahesabu mapigo kwa kidole.